Saini ya Mlinzi Ilinipotezea Mteja

Juzi dada mmoja wa Sengerema kaniuliza: "Natuma mzigo Dar. Nikilipia ule wa kusainiwa, nitalala usingizi?" Ujumbe umenikuta hapa Kirumba nashona pochi za ngozi ya sangara, na kidonda kikafumuka upya.

Mwaka jana nilipata oda kubwa kuliko zote, pochi 12 za mama mmoja wa Dodoma. Nilikesha nazo. Nikazipeleka kwenye kampuni moja ya vifurushi, nikaongeza hela ili mpokeaji asaini. Siku ya tatu nikasoma mtandaoni: "Umepokelewa." Nikamwandikia mama kumshukuru. Akajibu, "Nimepokea nini, mwanangu?"

Nikapiga simu hadi salio likaisha. Kila aliyepokea alisema saini ipo. Nilipong'ang'ania kuiona, nikatumiwa picha ya mchirizo wa kalamu na jina moja: la mlinzi wa jengo ambalo mama alishahama. Kwao kazi ilikuwa imekwisha. Fidia sikupata, maana stakabadhi iliandikwa "bidhaa" tu, bila thamani, na mimi nikakubali. Mama hakununua tena. Aliniona tapeli, na hilo linaniuma kuliko hela.

Sasa nisikilizeni, ninyi mnaotaka bidhaa zenu zivuke mkoa. Saini inaonyesha kuna mtu kashika kalamu. Ni nani huyo? Inategemea aliyekabidhi mzigo alimwomba kitambulisho au hakumwomba. Ndiyo maana mzigo wa thamani siku hizi nautuma kwa rejesta, yaani mzigo unaoandikishwa Posta, kwa sanduku la posta la mteja: anakuta karatasi ya taarifa, anakwenda dirishani na kitambulisho, anasaini mwenyewe. Unachelewa, ndiyo. Afadhali uchelewe.

Andikisha thamani. Piga picha stakabadhi kabla hujatoka dirishani. Ukituma nje ya nchi, namba ya kufuatilia mzigo wa rejesta ina herufi mbili, ya kwanza R, tarakimu tisa, kisha TZ; ya EMS, huduma ya haraka ya Posta, huanza na E. Tarakimu ya tisa hukokotolewa kutokana na nane za mwanzo, kwa hiyo ukikosea moja, mara nyingi mfumo unaikataa. Isome upya kabla hujaanza kulia.

Nawe dada wa Sengerema, mpigie mteja leo umuulize sanduku ni lake au la ofisi. Kama ni la ofisi, muulize nani anashika ufunguo.