Ule mstari katikati ya galaksi ni nini?

SWALI: Mwalimu salamu sana, mimi husoma safu yako nikiwa hapa Umoja. Nimeona picha ya galaksi inaitwa NGC 1365, iko na mstari umepita katikati halafu mikono miwili inatokea kwa ncha zake. Huo mstari ni nini? Na wanajuaje umbali wake na hakuna mtu amewahi kufika huko? Naweza kuiona nikiwa Nairobi?

JIBU: Asante ndugu yangu, umeuliza juu ya galaksi naipenda kuliko zote. Huo mstari si kitu kigumu, ni nyota, mabilioni ya nyota zinazunguka kwa njia za kurefuka badala ya duara, sasa zikijipanga pamoja ndio unaona mkanda. Na mkanda wenyewe uko na kazi kubwa, maanake gesi ikiingia humo inapunguzwa mwendo wa kuzunguka inaanza kuteremka kuelekea katikati, na huko nyota mpya zinazaliwa kwa wingi na gesi nyingine inalisha shimo jeusi, yaani kitu chenye mvuto mkali hata mwanga hauwezi kutoka, lenye uzito wa jua kama milioni 2 hivi. Mwaka 2013 wataalamu wa teleskopu za eksirei, NuSTAR na XMM-Newton, walitangaza kwamba hilo shimo linajizungusha karibu na kasi ya mwisho inayowezekana, hebu fikiria! Hata galaksi yetu iko na mkanda, sisi tunakaa nje yake.

Umbali sasa. Kuna nyota zinaitwa Sifeidi, mwanga wao hupanda na kushuka, na mwaka 1912 Henrietta Leavitt wa Marekani alionyesha kwamba yenye inachukua muda mrefu kupanda na kushuka ndio kali zaidi. Ni kama taa ya boda usiku, nguvu yake unaijua, ukiiona hafifu unajua bado iko mbali. Miaka ya 1990 teleskopu ya Hubble ilizipata Sifeidi ndani ya NGC 1365, hesabu ikatoka karibu miaka ya nuru milioni 60 (mwaka wa nuru ni umbali mwanga unasafiri kwa mwaka mmoja). Mwanga wa hiyo picha ulitoka huko dinosaria wakiwa wameshaisha hapa kwetu. Na bado hiyo galaksi inazidi kwenda mbali nasi, zaidi ya kilomita 1,600 kila sekunde.

Kuiona unaweza, lakini si kwa macho matupu na si hapo Umoja, taa ni nyingi mno. Tafuta mwenye teleskopu, mtoke Desemba bila mwezi, upande wa Magadi kuna giza zuri, saa tatu usiku muangalie kusini, juu kidogo ya nusu ya anga, kwenye kundi la nyota linaloitwa Fornax. Mtaona kawingu hafifu. Mkanda wenyewe unataka teleskopu kubwa na subira.