Kitenzi 打 cha Kichina na "piga" yetu: vinapokutana na vinapoachana

Mswahili akianza kujifunza 打 (dǎ) tayari yuko mbele. "Piga" yetu imebeba mengi kuliko kipigo, na 打 ni vivyo hivyo. Kupiga simu ni 打电话 (dǎ diànhuà), kupiga chafya 打喷嚏 (dǎ pēntì), radi ikipiga ni 打雷 (dǎ léi). Hata miayo hupigwa: 打哈欠 (dǎ hāqian).

Lakini ukiamini kwamba kila "piga" ni 打, utakwama. Picha ni 拍照 (pāizhào), mswaki ni 刷牙 (shuāyá), kura ni 投票 (tóupiào). Kwenye mipira, tazama kiungo kinachofanya kazi: mpira wa kikapu ni 打篮球 (dǎ lánqiú), ila soka ni 踢足球 (tī zúqiú), kwa kuwa 踢 ni kupiga teke. Maandishi yenyewe yanakuonyesha: kushoto mwa 打 kuna alama ya mkono, 扌, na kushoto mwa 踢 kuna ya mguu.

Kosa linalotuponza zaidi liko kwenye sarufi. Sisi tunasema "nampigia mama simu", na ile -ia inamaliza kazi. Kichina hakina kiambishi hicho, kwa hiyo wengi huandika 我打电话妈妈, na hapo wamekosea: 打 imeshachukua 电话, haina nafasi ya mama. Mtangulize mama kwa 给 (gěi): 我给妈妈打电话 (wǒ gěi māma dǎ diànhuà). Ukitaka kusema umempigia mara tatu, pasua 打电话 katikati: 我给妈妈打了三个电话 (wǒ gěi māma dǎle sān ge diànhuà). Zirudie sentensi hizi mbili kwa sauti mpaka ulimi uzizoee. Ndizo mfano wa nyingine nyingi.

Toni ya 打 ni ya tatu, ya chini. Ukiishusha kwa ghafla kutoka juu inakuwa dà, "kubwa". Ikifuatwa na toni nyingine ya tatu hupanda: 打鼓, kupiga ngoma, hutamkwa dágǔ.

Kwa wanaofuata mzigo Guangzhou au Yiwu, 打折 (dǎzhé), yaani kupunguza bei, ni ya kujua kabla ya kutoa pesa. 打七折 (七 ni saba) haimaanishi umepunguziwa asilimia 70. Maana yake unalipa asilimia 70 ya bei. Nguo ya yuani 200 utalipa 140, si 60. 打八五折 ni asilimia 85. Namba ikiwa kubwa, punguzo ni dogo.