"Aliuza ndizi kwa pauni": kosa liko wapi?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi hutafsiri habari za nje. Sasa ninaandaa makala kuhusu mjadala wa Uingereza wa kurudia vipimo vyao vya zamani badala ya kilo na lita, na nimekwama mara mbili. Vipimo hivyo niviite "vya kifalme" au "vya kibeberu"? Nimekutana na yote mawili. Halafu mhariri amenirudishia sentensi hii: "Mwaka 2001 muuza matunda wa Sunderland alitiwa hatiani kwa kuuza ndizi kwa pauni." Anasema haieleweki. Mimi naona imekaa vizuri tu. (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba. Nianze na sentensi, maana hapo mhariri wako ana haki. Isome kama mtu asiyejua habari yenyewe. Uingereza wanatumia pauni. Sasa huyu bwana alitakiwa auze ndizi kwa nini, kwa shilingi?

Mchawi ni kale ka-neno kadogo, "kwa". Kiswahili hukitumia kwa kipimo na kwa bei vilevile: sukari inauzwa kwa kilo, sukari inauzwa kwa shilingi elfu tatu. Kwa kawaida hatutatiziki, kwa sababu kilo si fedha na shilingi si uzito. Ila "pauni" kwetu imeshaolewa na fedha. Wazee wanaikumbuka pauni ya shilingi 20 hata baada ya sarafu ya Mwingereza kuondoka. Ukiitia baada ya "kuuza kwa", msomaji anasikia pesa, hasikii mizani.

Na kwa pauni ya uzito, ambayo ni karibu nusu kilo, neno tunalo siku nyingi: ratili. Limetoka Kiarabu, pamoja na wakia, ambayo kwetu ndiyo hiyo sehemu ya 16 ya ratili. Wafanyabiashara wa pwani wamelitumia vizazi na vizazi. Frasila ya karafuu ilihesabiwa ratili 35, karibu kilo 16. Kwa hiyo Steve Thoburn, ndiye huyo muuza matunda wako, aliuza ndizi kwa ratili. Hata hivyo ningekushauri uandike zaidi ya hapo, maana kilichomponza kilikuwa mizani yake: ilisoma ratili na wakia tu, haikusoma kilo. Alikata rufaa, akashindwa mwaka 2002. Magazeti ya kwao yakamwita shahidi wa metriki, yaani wa mfumo wa kilo, mita na lita. Shahidi kwa maana ya aliyekufa kwa ajili ya imani, si aliyepanda kizimbani, kwa hiyo hapo nako angalia. Katika habari ya mahakamani neno "shahidi" litakupeleka pabaya.

Tuje kwenye jina. "Vya kibeberu" liache. Beberu alikuwa mbuzi dume kabla hatujampandisha jukwaani, na tangu apande hajashuka. Ukiandika "galoni ya kibeberu", msomaji atadhani unahutubia mkutano wa hadhara. "Vya kifalme" nalo linapotosha, japo kwa upole zaidi: linaleta picha ya vyombo vya jumba la mfalme, kana kwamba raia walikuwa na galoni yao nyingine. Jina la Kiingereza, "imperial", limetokana na dola. Sheria ya mwaka 1824 ilisawazisha yadi, ratili na galoni ili zitumike sawa katika dola yote ya Uingereza.

Mimi huandika "vipimo vya Kiingereza", na pale vinapotajwa mara ya kwanza naongeza "vya zamani". Najua utaniuliza: na Wamarekani je, si wanatumia futi na maili pia? Wanatumia, lakini galoni yao ni lita 3.79 na ya Kiingereza ni 4.55. Jina langu linakuepusha na kosa hilo. Dereva atakayechanganya galoni hizo mbili atalala njiani.

Kuhusu kitenzi chako "kurudia", kipunguze nguvu. Waingereza hawakuhama kabisa. Barabara zao bado zinasoma maili, bia ya pipa bado inamiminwa kwa painti, na mtu akitaja uzito wake hukupa stoni, yaani ratili 14 kwa kila moja. (Niliwahi kusoma tafsiri iliyosema bondia ana "uzito wa mawe 12". Ni kama kilo 76, wala hakuwa amebeba kitu.) Kilichobishaniwa ni sokoni: je, muuzaji aruhusiwe kupima kwa ratili bila kuonyesha kilo? Serikali iliwauliza wananchi mwaka 2022. Walijibu zaidi ya 100,000, na asilimia 98.7 wakataka metriki ibaki, ama peke yake ama ikiwa ndiyo kipimo kikuu. Matokeo yalitolewa Desemba 2023, na sheria ya vipimo vya sokoni haikubadilishwa. Kwa hiyo andika "kurejesha ratili sokoni".

Na usiwacheke sana. Fundi wa Morogoro anaagiza mbao mbili kwa nne, ambazo ni inchi, na nondo za milimita 12, kwa pumzi moja. Mkenya anakununulia kiwanja "hamsini kwa mia", ambazo ni futi, kisha anakipigia hesabu ya saruji kwa kilo. Hakuna anayeona ajabu.

Sentensi yako basi: "Mwaka 2001 Steve Thoburn, muuza matunda wa Sunderland, alitiwa hatiani kwa kupimia ndizi kwa mizani ya ratili isiyoonyesha kilo." Ni ndefu kuliko ya kwanza, najua. Mhariri akiikata, asiikate kwenye "ratili".