Barua kwa mwanangu: mfereji umezibwa na nani?

Mwanangu,

Huku hatujambo, na mguu wa mama yako umepungua kuvimba. Jumapili uliniuliza kwenye simu utajuaje andiko ni la hisia za mwandishi au ni taarifa isiyoegemea upande, maana bosi wako huko Dodoma kakurudishia ripoti ya shule, eti umeandika "hali ya choo inasikitisha".

Jibu langu unalijua. Sentensi ya taarifa ni ile ambayo hata asiyekupenda anaweza kwenda kuihakiki. "Inasikitisha" ataihakiki vipi? "Matundu 2, wanafunzi 300" atakwenda atahesabu. Kinachopimika kipimwe, nimesema hivyo tangu unabeba madaftari kwenye mfuko wa rambo.

Ila umenikumbusha mafuriko ya Desemba 2011. Siku 11 tu tangu nchi itimize miaka 50 ya Uhuru, bonde la Msimbazi hapa Dar es Salaam likafurika, na mimi ndiye katibu wa kamati ya mtaa. Nikaambiwa niandike taarifa. Kila mtu anasema "maji yalifika kiunoni". Kiuno cha nani? Cha mjumbe wetu yule mfupi? Nikaazima futi ya fundi, nikapita nyumba hadi nyumba kupima mstari wa tope ukutani. Kwetu sentimita 112, ndiyo sababu droo ya chini ya kabati la bibi yako haifunguki mpaka leo. Kurasa mbili, sikuweka hata "inasikitisha" moja. Mkubwa mmoja akaisoma mbele ya watu, akasema hii ndiyo taarifa, haina upande.

Nikatembea kifua mbele mpaka jioni. Jioni ile jirani yetu wa vitumbua, aliyepoteza gunia la mchele na mtaji wote, akaja akaomba nimsomee. Akasikiliza hadi mwisho, mikono imejaa matope bado.

"Katibu, umesema mfereji ulikuwa umezibwa. Umezibwa na nani?"

Alijua. Nami nilijua. Ukuta wa yule bwana ulikuwa umekaa juu ya mfereji, tena ndiye aliyetuazima maturubai. Herufi moja tu, hiyo "w" ya "umezibwa", na mtu mzima na ukuta wake wakapata pa kujificha. "Imebainika", "imeelezwa", ni yaleyale.

Au nilikuwa sahihi? Sikumsikia akitoa amri, niliona mafundi tu, na katibu huandika alichokiona. Lakini ukuta si niliuona? Futi ninayo mkononi, kinachopimika kipimwe, nikapima tope nikauacha ukuta.

Jirani alihamia Mabwepande, walikopelekwa waathirika wa mafuriko, pamoja na wenzake. Hatukulizungumza tena.

Kuhusu bosi wako nina la kusema, ila mama yako kanikataza, anadai nitakuharibia kazi. Sawa. Nakuuliza tu: kwenye ripoti hiyohiyo ulinisomea "fedha za ukarabati zilihamishwa". Hapo hakupiga mstari? Kapiga kwenye "inasikitisha" peke yake?

Basi, nimenyamaza. Nitumie hiyo ripoti kwa basi la Jumatano.

Baba yako