Mbuzi wa kwanza: jinsi ya kumpasua bila nyama kutoka chungu wala kunuka beberu

Swali: Mimi ni kijana wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mdogo wangu atapata komunyo ya kwanza, na papa (baba yangu) amenipa kazi ya kuchinja mbuzi. Ni beberu wa miaka miwili hivi, kama kilo 25. Sijawahi kuchinja kitu kikubwa kuliko kuku. Mwaka jana, kwa jirani, nyama ilitoka chungu na ilinuka beberu hata pilipili ikashindwa kuficha. Wanasema walitoboa kitu ndani. Ni kitu gani hicho, na nifanye nini nisikitoboe? Tena, nyama hiyo itatosha watu 40?

Jibu: Ndugu yetu, kwa jirani yako kulitokea makosa mawili, si moja. Uchungu na harufu ya beberu havitoki mahali pamoja. Uchungu ni wa nyongo, kifuko cha kijani kilichoshikana na ini. Harufu nyingi inatoka nje, kwenye ngozi: dume hujikojolea ndevu na miguu ya mbele, na nyuma ya pembe ana tezi zinazotoa mafuta yenye harufu kali. Mkono ulioshika manyoya ukishika nyama, umeihamisha. Kuna na hatari ya tatu ambayo hukuitaja, nayo ndiyo inayoumiza watu tumbo kuliko zote: mavi na majani yaliyo ndani ya tumbo na utumbo. Kazi yote tutakayoeleza ni ya kuzuia vitu hivyo vitatu visikutane na nyama. Kumkata koo ndiyo sehemu fupi.

Anza siku moja kabla. Mbuzi asile kwa saa 12 hadi 24, lakini maji apewe. Tumbo kubwa la mbuzi wa kilo 25 linaweza kubeba kilo 3 au zaidi za majani. Likiwa limejaa linakaza kama mpira na kisu kikiligusa kidogo tu linapasuka. Mfunge mahali patulivu, penye kivuli, mbali na watoto na mbwa. Mbuzi aliyekimbizwa au kuburutwa anamaliza sukari iliyo ndani ya misuli, na nyama yake baadaye haipati ile asidi kidogo inayoilinda: inabaki nyeusi, inanata mikononi, na inaoza haraka.

Siku hiyo hiyo mwangalie vizuri. Anasimama sawa, anacheua, pua kavu, haharishi? Muulize aliyemuuza kama alimchoma sindano hivi karibuni. Dawa kama oksitetrasaiklini ya muda mrefu mara nyingi inahitaji karibu wiki 4 kabla nyama haijaliwa. Muda wenyewe umeandikwa kwenye chupa. Na jambo moja halina mjadala: mbuzi akifa mwenyewe ghafla, damu nyeusi isiyoganda ikamtoka puani au mkunduni, usimpasue kabisa. Hiyo inaweza kuwa ugonjwa wa kimeta. Ukimfungua, vijidudu vinapata hewa, vinajigeuza kuwa mbegu ngumu ambazo hukaa ardhini miaka mingi, na wewe mwenyewe unaweza kufa. Mwite mganga wa mifugo wa komini. Hata kwa mbuzi mzima, ukiweza kumpata aje kuangalia nyama, mlipe kwa moyo mweupe.

Vyombo: visu viwili vya urefu wa sentimita 12 hadi 15 tu, kwa sababu kisu kirefu ncha yake inafika usikokuona. Kimoja kwa ngozi, kingine kwa nyama. Jiwe la kunolea. Vipande viwili vya uzi imara, kila kimoja sentimita 30. Kamba na mti wa kumtundikia, na kijiti kigumu cha sentimita 40 cha kutanua miguu ya nyuma. Beseni tatu: moja ya maini na moyo, moja ya matumbo, moja ya nyama. Bidoni mbili za lita 20 za maji safi, sabuni, na shoka dogo au msumeno. Chimba shimo la kina cha nusu mita kabla ya kuanza; ukichimba baadaye, utakuta mbwa wamekutangulia.

Mchinje asubuhi mapema. Mlaze kwa ubavu, mkate chini kidogo ya taya kwa kisu kikali sana, mkato mmoja unaopitia mishipa ya damu ya pande zote mbili. Usifike kwenye uti wa mgongo. Ukiwa na wageni Waislamu, mwite Mwislamu amchinje, na mlipange hilo mapema. Damu itatoka karibu lita moja. Ipe dakika 3 hadi 5. Usianze kuchuna mpaka umguse mboni ya jicho kwa kidole na jicho lisipepese. Tunasisitiza hili. Mnyama asichunwe akiwa bado anasikia.

Sasa kata kichwa, kiweke mbali, kwa sababu harufu nyingi iko huko. Hapo shingoni utaona mirija miwili: wa hewa ni mgumu, una pete, wa chakula ni laini, mwekundu, umelala pembeni yake. Utenganishe ule laini kwa vidole, uvute kidogo, uufunge fundo la nguvu kwa uzi wa kwanza. Watu wengi wanairuka hatua hii, halafu wanashangaa majani mabichi yanatiririka shingoni mara tu mbuzi anapotundikwa kichwa chini.

Toboa kila mguu wa nyuma kati ya mfupa na kano nene iliyo juu ya kisigino, pitisha kijiti, mtundike kifua kikiwa usawa wa uso wako. Kuchuna kunaanza ndani ya mapaja. Makali ya kisu yatazame nje, yapite chini ya ngozi na kuikata kutoka ndani. Ukikata kutoka nje kuelekea ndani, unakata manyoya, na manyoya yaliyokatwa yanamwagika juu ya nyama na hayatoki hata kwa maji. Ukishaifungua, weka kisu chini. Ngozi ya mbuzi aliyechinjwa sasa hivi inatoka kwa ngumi: mkono mmoja unavuta ngozi, ngumi ya mkono wa pili inasukuma kati ya ngozi na nyama, kutoka mapajani kushuka hadi shingoni. Ule mkono unaovuta ngozi usiguse nyama hata mara moja mpaka uoshwe kwa sabuni. Ngozi ikikunjika, upande wa manyoya ukaenda ndani, ndipo beberu anaponukia kwenye sufuria. Dakika 20 zinatosha. Mtu wa kwanza atatumia 40, na haidhuru.

Kama nyumbani kwenu mnapenda nyama yenye ngozi, mnambabua badala ya kumchuna. Tumia majani makavu au gesi, halafu kwarua na usugue kwa maji mpaka ngozi iwe njano safi. Msitumie tairi wala plastiki. Moshi wake unaacha sumu kwenye ngozi ambayo hakuna kuchemsha kunakoitoa.

Osha mikono, chukua kisu cha pili. Tumbo bado ni zima, na lisifunguliwe kwanza. Nenda juu, kwenye mkundu. Kata duara kuuzunguka, ukiukaribia mfupa wa nyonga na si utumbo, mpaka uweze kuuvuta nje kama sentimita 10. Ufunge kwa uzi wa pili, uuvike mfuko safi wa plastiki. Sasa ncha zote mbili za mfereji wa chakula zimefungwa, na chochote kitakachotokea katikati kimepungua ubaya nusu. Kwa dume, kata uume ukiuchuna kutoka ngozi ya tumbo kwenda juu hadi nyonga, uuache ukining'inia nyuma. Usiukate kabisa, maana mkojo utashuka juu ya nyama.

Kufungua tumbo ndiko kunakoogopesha, na kunastahili kuogopwa. Toboa tundu dogo juu kabisa, kati ya mapaja, palipo na nyama nyembamba. Ingiza vidole viwili vya mkono wa kushoto, vitanue kama herufi V, na ncha ya kisu ikae katikati yavyo, makali yakitazama nje kwako. Vidole vinasukuma utumbo nyuma, kisu kinafuata vidole. Shuka polepole mpaka mfupa wa kifua. Matumbo yataanza kuanguka yenyewe. Mtu wa pili ashike beseni chini na ayabebe uzito wake, asiyavute. Yakivutwa kabla hayajaachiliwa, yanachanika pale usipoona.

Vuta mkundu uliofungwa upite ndani ya nyonga, uungane na utumbo. Utaona kibofu cha mkojo: kibane shingoni kwa vidole, ukiinue juu, kikate pamoja na mrija wake. Figo ziache kwenye mafuta yake. Kisha ingiza mkono nyuma ya tumbo kubwa, vunja nyuzi nyembamba zinazolishika mgongoni, na ule mrija wa chakula uliofunga shingoni utateleza kupitia utando wa kifua. Vyote vinashuka kwa pamoja: tumbo, utumbo, bandama.

Ini sasa. Hapa ndipo jirani alipopotea. Lishike kwa kiganja chote, likate kwenye mizizi yake, ulitoe likiwa na nyongo yake, uliweke mezani. Usiitoe nyongo likiwa bado ndani ya mbuzi. Mezani, bana shingo ya kifuko kwa vidole viwili, kata nyuma ya vidole ukichukua na kipande chembamba cha ini, halafu kibandue. Ukipoteza kipande cha ini kama kidole, umenunua amani. (Wawindaji wa Ulaya na Marekani wanaopasua kulungu, yule mwenye pembe za matawi, hawaijui shida hii: mnyama huyo hana nyongo. Mbuzi anayo.) Ikipasuka, kata na utupe kila palipogeuka kijani, mara moja. Kuosha kunaueneza uchungu.

Hiyo hiyo ndiyo kanuni ya mavi yakimwagika. Watu hukimbilia kumwagia ndoo ya maji, na maji hubeba vijidudu kutoka sehemu ndogo hadi paja zima. Kata palipochafuka, sentimita 2 kuzunguka, osha kisu, endelea.

Kifua ni rahisi: kata utando mwembamba unaozunguka mbavu, pasua mfupa wa kifua katikati, vuta mrija wa hewa, na mapafu na moyo vinakuja pamoja.

Kabla ya kufurahi, angalia ulichotoa. Ini liwe laini, rangi moja, kingo nyembamba. Ukiona minyoo bapa kama majani madogo kwenye mirija yake, sehemu hiyo haifai. Mifuko ya maji kwenye ini au mapafu ni watoto wa tegu, mnyoo wa utumbo wa mbwa. Usimtupie mbwa, maana ndiye anayeirudisha kwa mbuzi, na aina moja yake kwa watu. Ichome au ifukie ndani kabisa. Mapafu yaliyonata kwenye mbavu yenye maji ya njano, au uvimbe wenye usaha mzito kama jibini, yanataka jicho la mganga wa mifugo kabla ya mtu yeyote kula.

Adui aliyebaki ni joto. Nyama inatoka na digrii 38 au 39. Tanua kifua kwa kijiti hewa ipite, funika kwa kitambaa safi kwa ajili ya nzi, mwache atundikwe kivulini. Kosa kubwa ni kukatakata moto moto na kuzijaza kwenye mfuko: katikati ya rundo joto linakaa saa nyingi na nyama inachacha. Kosa la pili ni kuitupa papo hapo kwenye friza. Nyama inayopigwa na baridi kali kabla haijakakamaa inajikunja na kuwa ngumu kama kamba. Mwezi wa 6 au wa 7, usiku wa Lubumbashi unashuka chini ya digrii 10 mara nyingi, na mbuzi akitundikwa mahali salama mpaka asubuhi analainika vizuri. Mwezi wa 10, joto likipita 30, msijaribu hivyo: mchinje alfajiri na yote iwe motoni ndani ya saa 4. Nyama iliyokakamaa ikipikwa hivyo inahitaji muda mrefu. Ya michopo (nyama ya kuchoma) kata vipande vidogo, na vile vya miguu ya mbele vichemshe kwanza.

Matumbo aoshe mtu mwingine, mbali na meza ya nyama. Yageuze ndani nje, mwaga majani shimoni, yatumbukize kwenye maji ya moto yasiyochemka, yakwarue kwa kisu butu mpaka yawe meupe. Lile tumbo dogo lenye kurasa kama kitabu lipasuliwe na kila ukurasa usuguliwe, vinginevyo mchanga utabaki.

Kuhusu watu 40: mbuzi wa kilo 25 hutoa mwili wa kilo 11 au 12, pamoja na mifupa. Hiyo ni gramu 300 hivi kwa mtu kabla ya kupikwa, na motoni zitapungua. Ukitoa michopo peke yake, mtapungukiwa. Pika nusu na mchuzi, matumbo yapikwe sufuria yake, weka sombe (majani ya muhogo) na bukari (ugali) ya kutosha, na huyo mbuzi mmoja atafika meza ya mwisho. Kama papa ataongeza wageni, nunueni wa pili, na awe aliyehasiwa.