Makro ya kutafuta eraa kwenye Excel: usikopi seli peke yake

Wale mnaopokea mafaili ya mauzo kutoka matawi tofauti halafu mnayaunganisha kwenye faili moja, hii ni yenu. Mnazijua zile #N/A na #REF! zinazojificha huko chini kabisa, jumla inakataa kutoka na bosi anasubiri ripoti. Kuzitafuta kwa macho ni kujitesa bure, makro fupi tu (yaani amri za VBA unazoziandika ndani ya Excel zijiendeshe zenyewe) inamaliza kazi.

Wengi huanza na loop inayopita kila seli na kuuliza If IsError(c.Value). Kwa shiti ndogo sina neno, ila faili likiwa kubwa utasubiri sana. Mi natumia SpecialCells(xlCellTypeFormulas, xlErrors), ni ileile Go To Special unayoipata ukibonyeza F5, inakukamatia zote kwa mpigo, na kinachopatikana nakiweka kwenye r (Set r = ...).

Sasa ina visirani vyake. Kama shiti haina eraa hata moja, yenyewe ndo inagoma, inakutolea eraa namba 1004 na makro inasimama. Kwa hiyo weka On Error Resume Next (ikikutana na eraa iipite iendelee) kabla ya mstari huo, na mara tu baada yake weka On Error GoTo 0 (irudi kawaida), halafu uliza If r Is Nothing. Hiyo GoTo 0 tafadhali usiiache, bila hiyo makro itameza na matatizo mengine yote kimyakimya na wewe utaamini kila kitu kiko sawa. Kingine, inaangalia fomula tu, so kama mtu wa tawi alipesti values, ile #N/A sio fomula tena na itarukwa. Tafuta mara ya pili kwa xlCellTypeConstants, inayoangalia seli zisizo na fomula.

Kwenye kukopi ndo naomba mnisikilize vizuri. Ukisema r.Copy na seli zimetawanyika huku na huku, Excel mara nyingi inakataa. Na hata ikikubali, fomula iliyokuwa inasoma B7 ukiihamishia shiti nyingine itasoma sehemu nyingine kabisa, unaishia kuangalia eraa ambayo sio ile uliyokuwa unaitafuta. Bora uandike taarifa zake kwenye shiti mpya, mi hiyo shiti naiita lst kwenye kodi:

For Each c In r
n = n + 1
lst.Cells(n, 1).Value = c.Parent.Name
lst.Cells(n, 2).Value = c.Address(0, 0)
lst.Cells(n, 3).Value = "'" & c.Text
lst.Cells(n, 4).Value = "'" & c.Formula
Next c

Hiyo alama ya ' ndo inazuia fomula isianze kupiga hesabu upya ikifika kule. Na panua kolamu za shiti yako kwanza, maana c.Text inachukua kinachoonekana, kolamu ikiwa nyembamba mno unaletewa ####.

Ukishapata orodha, isort kwa aina ya eraa, raha yake utaiona. #N/A zikiwa nyingi za VLOOKUP (fomula inayotafuta thamani kwenye jedwali), angalia kodi za bidhaa, mara nyingi kuna mtu ameandika "K204 " na nafasi mwishoni wakati kwenye orodha ya bei ni "K204", fomula ya TRIM inayofuta nafasi za ziada inamaliza. #DIV/0! huenda tawi halijauza kitu bado. #REF! mtafute aliyefuta kolamu.

Ila msifunike kila kitu kwa IFERROR (fomula inayobadilisha eraa kuwa kitu kingine) na kuweka sifuri! Shiti inapendeza, jumla inatoka, kumbe mauzo ya bidhaa nzima hayamo, na hapo kuna watu wanalipwa kamisheni kwa hesabu hiyo.

Kabla ya kuirusha, sevu faili kwanza, coz makro ikishaandika kwenye shiti Ctrl+Z hairudishi kitu. Na isevu kama .xlsm, ukiiweka .xlsx makro yote inapotea.