Kuongeza vitamini D katika uyoga wa mamama

Dada yangu, umeuliza kama uyoga wa mamama (yaani uyoga wa oyster) unaoulima katika banda lenye giza unaweza kuongezewa vitamini D kabla ya kukaushwa. Inawezekana, hata baada ya kuuvuna, kwa sababu ndani yake mna ergosteroli, kemikali ya asili ya uyoga, ambayo ikipigwa na miale ya urujuanimno ya jua hugeuka kuwa vitamini D2, aina mojawapo ya vitamini D.

Uchane vipande vyembamba ungali mbichi, kisha uutandaze juu ya wavu safi, upande wenye mikunjo iliyopangana kama kurasa za kitabu ukielekea juu, maana huko ndiko ergosteroli iliko kwa wingi. Uanike kati ya saa 5 asubuhi na saa 8 mchana. Dakika 15 hadi 60 za jua kali kwa kawaida hutosha kutoa mikrogramu 10 za vitamini hiyo katika gramu 100 za uyoga mbichi. Nakusihi usiuweke nyuma ya kioo cha dirisha, kwani kioo hupitisha joto lakini huzuia miale inayofanya kazi hiyo.

Ukaushe mpaka uvunjike kwa mlio, kisha uufunge katika chombo kisichopitisha hewa, mbali na mwanga na joto, kwa kuwa vitamini hiyo hupungua polepole. Unapoupika, tia mafuta kidogo ili mwili uifyonze vizuri.